Kununua pikap ya zamani hapa Kigoma na kuiweka barabarani: anza na chesisi na kadi, rangi iwe mwisho

Hii naandika kwa mtu wa Kigoma, Kasulu, Uvinza au Kibondo huko, mwenye mzigo wake wa dagaa au mawese au mihogo, kachoka kukodi gari za watu na hela aliyonayo haifiki gari iliyoshuka melini juzi. Anaziangalia zile pikap za namba A na namba B (zilizosajiliwa zamani) zinazozunguka Mwanga na Mwandiga, anaona mbona zipo na zinapiga kazi, na ni kweli, pikap ya mwaka 1994 ikitunzwa inapanda Manyovu na mzigo wake bila shida. Ila nyingine zimepakwa rangi tu, chini zimeshaisha.

Mi ya kwanza niliyonunua ilikuwa Hilux ya injini 3L, nyeupe inang'aa, ukigusa funguo imewaka. Fundi niliyeenda naye akasikiliza injini akasema hapa umepata gari, tukalipa. Hakuna aliyelala chini kuangalia. Mwezi wa pili tunatoka Buhigwe na maharage nasikia bodi inagusa kabini, nashuka naangalia, chesisi (ile fremu ya chuma iliyobeba gari zima) imepasuka nyuma ya kabini upande wa kushoto mpaka kidole kinaingia. Baadae ndo naambiwa ile gari miaka yote ilikuwa inabeba chumvi ya Uvinza. Nikikusanya hela ya kuchomelea, ya gari ya kufaulisha mzigo, na zile wiki tatu nimekaa bila kazi, ilikuwa inatosha kuongezea nikapata gari nzima toka mwanzo. Tangu hapo nikienda kuangalia gari, iwe yangu au ya ndugu yangu, utaratibu ni mmoja, naangalia chesisi na kadi ya usajili kwanza, injini inafuata, rangi mwisho kabisa. Injini mbovu unaishusha na kuweka nyingine, gia boksi vilevile, ila chesisi iliyooza ndo gari yenyewe imeoza.

Kwanza igawe hela yako

Kama una milioni 10 usiende kutafuta gari ya milioni 10. Tafuta ya 6 au 6 na nusu, inayobaki iweke pembeni kabisa hata kwenye simu ya mke wako, hiyo ni ya matengenezo, kuhamisha umiliki, bima na tairi. Pikap ya zamani hata muuzaji awe mkweli kiasi gani itakudai kitu ndani ya mwezi wa kwanza, na watu wengi wanakwama hapo, gari wanayo lakini imepaki chini ya mwembe kwa sababu ya tairi nne na masta silinda ya breki. Alafu mwishowe anaiuza kwa hasara kwa yule yule dalali.

Chagua gari ambayo spea zake unaweza kuzipata

Hapa kwetu spea nyingi zinaagizwa Kariakoo au Mwanza zinakuja na basi, kwahiyo kabla ya kupenda gari pita maduka ya spea ya hapa mjini waulize, gasketi ya hii ipo? brekishuu za hii zipo? Wakikuangalia kama umeuliza dawa ya jini, achana nayo hiyo gari.

Ninazoziamini kwa mazingira yetu ni Hilux za zamani za dizeli (2L, 3L, 5L), Nissan za injini TD27, na kwa mwenye hela zaidi Land Cruiser pikap ya 1HZ ambayo ni cc 4164 na ni punda kweli. Mitsubishi L200 ya 4D56 nayo ni gari nzuri ila mkanda wake wa taiming usiuchezee, ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Hilux hizo za L nazo zina mkanda wa taiming, Toyota wanasema ubadilishwe kila kilometa 100,000, na kwa gari ambayo hujui historia yake jibu ni moja tu, unabadilisha siku uliyoinunua. TD27 yenyewe inatumia gia badala ya mkanda, hapo ina amani yake. Kwa 2L angalia sana habari ya kuchemsha, silinda hedi yake ina sifa ya kupasuka ikichemshwa.

Mtu mwenye mzigo mdogo wa mjini tu, Kibirizi kwenda Mwanga sokoni, kirikuu (kile kigari kidogo cha mzigo) inamtosha kabisa na inakula mafuta kidogo, asijitie kwenye gharama za tani moja.

Kadi kabla ya spana

Usimlipe fundi kwenda kukagua gari ambayo hujaona kadi yake. Muuzaji akikwambia kadi ipo Dar kwa shemeji, mwambie ikija utarudi. Ukiishika angalia jina, kama ni la yeye anayekuuzia na kitambulisho chake kinafanana, vizuri. Kama ni la mtu mwingine unamtaka huyo mtu mwenyewe, siyo namba yake ya simu. Kama mwenye jina ni marehemu, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mtoto mkubwa wa marehemu hata awe mwaminifu vipi bila zile karatasi za mahakama hawezi kukuhamishia gari na TRA hawatakusikiliza. Na kadi inaweza kuwa imeshikiliwa benki au kwa mkopeshaji huku wewe unaonyeshwa fotokopi, kwahiyo kadi orijino mkononi au hakuna biashara.

Chukua namba ya chesisi na namba ya injini kwenye kadi, uziandike kwenye karatasi, uzitafute kwenye gari. Kwenye Hilux namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe cha chesisi upande wa kulia mbele, karibu na tairi, unaisugua na brashi ya waya mpaka isomeke. Ikiwa imesagwa, imechomelewa juu, au herufi moja imekaa tofauti na wenzake, ondoka hapo hata kama bei ni ya kutupa. Namba ya injini ikiwa tofauti siyo mwisho wa dunia kwa gari ya zamani, injini zinabadilishwa, ila muuzaji ndiye akamalize mabadiliko TRA kabla hujalipa. Rangi nayo ni hivyo hivyo, kadi inasema bluu gari ni nyeupe, mwenye kuulizwa barabarani utakuwa wewe.

Faini za barabarani unaangalia kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, tms.tpf.go.tz, dakika mbili tu kwenye simu. Nimeshaona gari ina deni la faini ambazo hata mwenyewe alikuwa amezisahau, na ukinunua bila kuangalia traffiki atakayekusimamisha anakudai wewe.

Sisi wa huku tuna jambo letu lingine, tupo mpakani. Unakutana na pikap ina usukani wa kushoto, imetoka Burundi, bei chini, mtu anakwambia inatembea tu hakuna shida. Kama haijalipiwa ushuru wa forodha na kusajiliwa hapa, hiyo ni gari ya kukamatwa siku yoyote na hela yako yote ikaenda nayo. Ukiona namba siyo ya T, nenda TRA uulize kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Lala chini ya gari

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Nenda asubuhi kukiwa na mwanga, vaa nguo za kazi, beba tochi, nyundo ndogo, bisibisi kubwa na brashi ya waya. Gari iwe sehemu ya tambarare, mawe kwenye tairi, na kama unainyanyua jeki isiwe peke yake, weka gogo gumu au stendi chini ya chesisi, jeki zinateleza na watu wamekufa hivyo.

Uliza gari ilikuwa inafanya kazi gani, alafu usiamini jibu, angalia. Iliyobeba dagaa na samaki inatoa harufu kwenye mikunjo ya bodi hata ioshwe vipi, na yale maji ya samaki yanashuka kupitia kwenye sakafu ya bodi yanadondokea chesisi nyuma, juu ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli) na kwenye mashikio ya springi. Iliyobeba chumvi ni mbaya zaidi kwa sababu chumvi inaingia ndani ya bomba la chesisi inakaa humo, mvua za kuanzia mwezi wa 10 zikija inalowana, inaoza kutokea ndani wakati nje rangi imetulia. Iliyobeba mawese yenyewe ina bahati, mafuta yamelinda chuma, inakuwa chafu tu.

Gonga chesisi na nyundo kidogo kidogo toka mbele mpaka nyuma, pande zote mbili. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu kama umegonga debe lenye mchanga ndani, na wakati mwingine magamba yanadondoka kwenye matundu. Pale pa sauti butu chomeka bisibisi kwa nguvu, ikizama umeshajua. Muuzaji akikasirika kwa nini unamgongea gari, hiyo nayo ni taarifa.

Sehemu za kutazama nyufa ni nyuma ya kabini pale kabini inapoishia na bodi inapoanza, ndo mzigo mkubwa unapokunjia. Ingine ni pale mashikio ya springi za nyuma yanapofungwa, na kwenye 4WD (zinazovuta tairi zote nne) zenye ekseli nzima mbele ni pale stelingi boksi ilipofungiwa kwenye chesisi. Mstari wa kutu mwembamba unaoshuka kama chozi ni ufa, sugua na brashi uone. Alafu simama mbali kama hatua kumi, uitazame gari kwa ubavu, nafasi kati ya kabini na bodi inatakiwa ilingane juu na chini. Juu ikiwa finyu kuliko chini au kinyume chake, chesisi imepinda. Na ukiona bamba la chuma limechomelewa jipya na kupakwa rangi nyeusi mbichi kwenye gari ambayo kila kitu kingine kina vumbi, uliza vizuri kimefichwa nini. Kuchomelea siyo dhambi, kuna mafundi wanaweka kiraka cha umbo refu lenye ncha kama almasi, kinashika miaka, lakini kiraka cha mraba kilichochomelewa kukata chesisi wima kinapasuka pembeni yake tena.

Ukiwa huko huko chini angalia springi, majani yaliyovunjika, yubolti zilizolegea (utaona mng'ao wa chuma palipokuwa panasuguana), krosi za propela zishike uzitikise, zisicheze kabisa. Oili kwenye difu na gia boksi ikiwa jasho tu sawa, ikidondoka ni oili sili. Nyuma ya tairi za nyuma kukiwa na majimaji ni wili silinda au oili ya ekseli imeingia kwenye breki, vyote vina gharama yake. Mabomba ya breki ya chuma yafuate kwa kidole mpaka mwisho, kutu yenye magamba maana yake bomba linabadilishwa.

Injini iwe ya baridi

Mwambie muuzaji mapema kabisa asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka mkono kwenye boneti. Ikiwa ya moto kuna kitu amekificha, panga siku nyingine. Injini ya dizeli iliyochoka ikishapata moto inawaka kama mpya, ila asubuhi inasema ukweli.

Kabla ya kuwasha fungua kifuniko cha rejeta (baridi tu, usije ukafungua ya moto). Maji yawe safi au yenye rangi ya koolanti, ukiona mafuta yanaelea au maji ya rangi ya kutu nzito, andika. Toa dipstiki na ufungue kifuniko cha oili, oili ya rangi ya chai ya maziwa ni maji yameingia, gasketi imekwenda au hedi imepasuka. Oili nyeusi kwenye dizeli ni kawaida, isikutishe.

Washa. Moshi mweupe kidogo asubuhi unaoisha ni sawa. Mweupe usioisha na injini inakohoa, inaweza kuwa nozeli, hita plagi au kompresheni imeshuka. Mweupe wenye harufu tamu huku maji yanapungua ni gasketi. Wa bluu inakula oili. Mweusi ukikanyaga kwa nguvu ni nozeli au pampu au tu eya klina imeziba, huo ndo wa nafuu. Injini ikiwa inanguruma acha rejeta wazi toka mwanzo uitazame, mapovu yanayotoka mfululizo ni moto wa silinda unaingia kwenye maji. Alafu fungua kifuniko cha oili juu ya injini, upepo mdogo unapuliza ni kawaida, ila ikiwa inapumua kama pampu ya baiskeli na kutema oili, ringi zimeisha na hapo unaongelea kuifungua injini yote.

Rudisha vifuniko, iache ipate moto dakika ishirini ikiwa imesimama, feni inafanya kazi, uone kama mshale wa joto unabaki katikati. Kama mshale haufanyi kazi kabisa usichukulie kirahisi, kuna watu wanautoa makusudi.

Ipande mlima

Kigoma Mungu ametupa kipimo cha bure. Anzia chini kule stesheni, panda Lumumba mpaka Mwanga, endelea Mwandiga, alafu shika barabara ya Manyovu uende nayo kwenye milima kwa kilometa kama ishirini hivi. Ikichemka huko basi na mzigo haitafika popote.

Gia zote ziingie bila kelele. Ukiwa unashuka mlima na gia ya tatu achia mafuta ghafla, gia ikiruka yenyewe kurudi frii gia boksi inataka kazi. Klachi unaipima imesimama, vuta handbreki, tia gia ya tatu, achia klachi taratibu na mafuta kidogo, injini inatakiwa izime. Kama inaendelea kunguruma tu klachi imeisha. Kama ni 4WD funga zile haba za mbele (vile vifungo vya katikati ya magurudumu), ingiza 4WD kwenye udongo (siyo lami) uone kama tairi za mbele zinavuta, wengine wameshazitoa shafti za mbele na bado wanaiuza kama 4WD. Breki shika kwa nguvu sehemu isiyo na watu, isivute upande. Usukani usiwe na kilegevu cha zaidi ya vidole viwili.

Kilometa za dashibodi usizihesabu. Angalia mpira wa pedo ya klachi na kiti cha dereva.

Bei na maandishi

Kila ulichokiona kiweke kwenye karatasi na bei ya spea uliyoulizia dukani, umwonyeshe muuzaji. Mimi nilipoanza kwenda na karatasi hiyo mazungumzo yalibadilika, kwa sababu huongei tena "punguza kaka", unaongea "tairi nne, krosi mbili, oili sili, hizi hapa". Wengi wanashuka. Fundi wa kukagua mlipe wewe na awe hamjuani na dalali.

Mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili, picha na vitambulisho vya pande zote, namba ya chesisi na injini, bei halisi mliyopatana, mashahidi, na lipa kupitia benki ili kuwe na ushahidi. Kuhamisha umiliki TRA fanya mara moja, wote wawili mnahitaji TIN, kuna ada ya uhamisho na kadi mpya na ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei, unalipa kwa kontroo namba. Kuna watu wanakaa na kadi ya jina la mtu miaka mitano, siku wakitaka kuuza yule mtu kahamia Sumbawanga. Road laisensi ya kila mwaka ilifutwa toka 2017 ikaingizwa kwenye mafuta, mtu asikuletee hadithi kuwa inabidi ulipie mwaka huu.

Matengenezo, na mpangilio wake

Gari imekuwa yako, vishawishi vya kuipeleka kwenye rangi na siti kava vinaanza hapo hapo. Subiri kwanza.

Siku ya kwanza ni breki. Fungua ngoma zote na magurudumu ya mbele, weka brekishuu na pedi mpya, kagua wili silinda kwa kufunua kile kimpira chake, kukiwa na unyevu badilisha mpira au silinda nzima. Mwaga brekifluidi yote ya zamani, weka DOT 3 mpya, toa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali na masta silinda mpaka la karibu. Kwenye Hilux kuna kile kifimbo kinachotoka kwenye difu kwenda kwenye valvu juu ya chesisi, kazi yake ni kuongeza breki za nyuma gari ikiwa na mzigo, mafundi wengi wanakikata au wanakifunga na waya. Kirudishe. Gari yenye mzigo wa tani moja ikishuka toka Manyovu inakihitaji kuliko unavyodhani. Beringi za magurudumu zioshwe na kupakwa grisi mpya wakati huo huo, kwa sababu umeshafungua tayari.

Baada ya breki ni stelingi, tairodi endi, bol jointi na bushi zote zilizocheza. Ukimaliza hapo ndo upime alaimenti, ukiipima kabla umetupa hela.

Tairi, soma ile namba ya tarakimu nne pembeni, 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata (meno) nzuri lakini ina miaka kumi imeshakuwa ngumu, inapasuka ikiwa na mzigo juani. Na pikap inataka tairi za mzigo, zenye herufi C mwishoni mwa saizi, siyo za saluni. Spea tairi iwepo na jeki inayofika.

Kisha upozaji, rejeta ioshwe au ifunguliwe kabisa kwa mtaalamu, mipira ya maji, themostati (usikubali fundi aitoe akisema huku kuna joto, injini ya dizeli isiyofika joto lake inachoma mafuta na kujilia yenyewe), feni belti, wota pampu. Ukifungua mbele huko badilisha na mkanda wa taiming na beringi yake ya kukazia, kazi ni moja. Mwaga oili zote, injini weka 15W-40 na filta mpya, difu na gia boksi kila moja na oili yake. Filta ya dizeli badilisha, na pale chini yake kuna koki ya kutoa maji, ifungue kila wiki hasa kama unanunua mafuta ya madumu vijijini.

Umeme ni taa zote, indiketa, taa za breki, honi, wipa, taa ya namba. Betri ikiwa imetulia isome volti 12.6 hivi, injini ikiwaka 13.8 mpaka 14.4, chini ya hapo alteneta haichaji. Waya zilizounganishwa na gundi ya nailoni zote fungua uzifanye upya, moto wa gari za zamani mara nyingi unaanzia huko.

Chesisi sasa, osha na maji ya presha mpaka ndani ya bomba kupitia matundu, iache ikauke siku mbili za jua, sugua kutu, piga rangi ya kuzuia kutu, na ndani mwaga oili chafu ya injini kwa chupa yenye mrija. Ni uchafu lakini inafanya kazi, hasa kwa mtu anayebeba dagaa. Na kuanzia hapo tandika turubai kwenye bodi kabla ya kupakia dagaa wabichi au chumvi, ukishusha mzigo suuza siku hiyo hiyo.

Rangi ukibakiwa na hela.

Kuiingiza barabarani kihalali

Bima ndogo (third party) ndo ya lazima kisheria, ukishakatiwa hakikisha kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kuwa ipo kweli, bima feki zipo na siku ya ajali ndo zinajulikana. Peleka gari kwa mkaguzi wa magari wa polisi, na usiende ukiwa huna triango mbili, mtungi wa zimamoto ambao haujaisha muda, mikanda inayofunga, vioo na rifleketa, nyekundu nyuma nyeupe mbele. Kosa moja barabarani ni 30,000, kwahiyo makosa matatu ya taa na rifleketa yanazidi bei ya kuvinunua.

Kama unabeba mizigo ya watu kwa malipo, gari yenye namba za njano ni ya binafsi, unabadilisha matumizi TRA upate namba nyeupe na unaomba leseni LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Leseni ya dereva daraja D ni ya gari binafsi, kwa gari ya biashara ya mizigo anahitaji E. Watu juu ya mzigo usipakie, hata siku ya mnada, hata wakiwa ni majirani na mvua inataka kunyesha. Najua ni vigumu kukataa, ila pikap ikipinduka wanaotangulia ni waliokaa juu.

Mwezi wa kwanza

Wiki mbili za mwanzo beba nusu mzigo na usiende mbali, Ujiji, Mwandiga, Simbo, sehemu ambayo ikizima unaita fundi kwa bodaboda. Kila asubuhi kabla ya kuwasha angalia oili, maji na chini ya gari kama kuna kilichodondoka usiku. Ukifika kilometa kama 500 rudi gereji ukaze yubolti zote za springi na nati za magurudumu, maana kitu kipya kikishafungwa kinajikalia na kulegea, urekebishe brekishuu, upige grisi kwenye krosi, na ulale tena chini na tochi uangalie pale nyuma ya kabini.